POA: NENO LA MTAANI LINALOPIMA SARUFI YAKO
Somo la marudio: Misimu, aina za maneno na uundaji wa maneno

Utangulizi

Mtahiniwa, soma kwa makini sentensi hizi mbili:

(a) Chai imepoa.
(b) Chai ni poa.

Mama lishe akiisikia sentensi ya kwanza, atajua kwamba unalalamika. Huenda akakuomba kikombe airudishe chai jikoni. Akiisikia ya pili, atatabasamu, kwa sababu umemsifu. Neno ni lilelile, sauti zake ni zilezile, lakini maana zimeachana kabisa. Kwa nini?

Anayeweza kujibu swali hilo kwa ufasaha amekwisha kujifunza mada tatu za mtihani kwa mkupuo: misimu, aina za maneno na uundaji wa maneno. Katika somo hili tutalitumia neno "poa" kama darubini ya kuzitazamia mada hizo. Tumelichagua kwa makusudi. Ni neno unalolisema kila siku, kwa hiyo mifano yake huna haja ya kuikariri.

Watahiniwa hupoteza alama kwenye misimu kwa njia mbili. Wapo wanaoiandika mahali isipotakiwa, kama vile kwenye barua rasmi na insha. Wapo pia wanaoidharau. Wakiulizwa kuhusu misimu, huandika kwamba ni "lugha ya wahuni isiyo na kanuni", kisha hukosa la kuongeza. Makosa hayo yote mawili yana chanzo kimoja: kutolichunguza neno lenyewe. Msimu una kanuni zake, tena nyingi ni zilezile za Kiswahili sanifu. Kinachotofautiana ni mahali pa kuutumia.

1. Misimu ni nini, na "poa" ni msimu wa aina gani?

Misimu ni maneno au mafungu ya maneno yasiyo sanifu ambayo huzuka na kutumiwa na kundi la watu katika kipindi fulani, kwa maana wanayoelewana wao kwa wao. Baadhi hudumu, mengine hutoweka pamoja na tukio lililoyazaa.

Kwa kuzingatia ueneaji, misimu hugawanywa katika aina tatu:

(i) *Misimu ya pekee.* Hutumiwa na kundi dogo, kwa mfano wanafunzi wa bweni moja au wafanyakazi wa karakana moja.

(ii) *Misimu ya kitarafa.* Hutumiwa na watu wa eneo fulani, na mgeni akifika hapo huhitaji kufafanuliwa.

(iii) *Misimu zagao.* Imevuka mipaka ya kundi na eneo, na hueleweka kwa watu wengi wanaotumia lugha hiyo.

"Poa" ni msimu zagao. Utausikia Dar es Salaam, Mwanza, Zanzibar, Mombasa na Nairobi. Muuza nguo huutumia, kondakta wa daladala huutumia, na mtangazaji wa kipindi cha vijana redioni huutumia pia. Hata mgeni aliyetua nchini leo hufundishwa mapema kwamba mtu akimsalimu "Mambo?", jibu ni "Poa".

*Zingatia:* Kuenea hakuufanyi msimu kuwa sanifu. "Poa" lenye maana ya "-zuri" linaeleweka kila mahali, lakini bado ni neno la mazungumzo ya kawaida.

2. Asili ya neno "poa"

Hapa ndipo wengi huteleza. Kwa kuwa vijana hulitumia sana, mtahiniwa hudhani kwamba ni neno jipya au la kigeni. Si kweli. "Poa" ni kitenzi cha Kibantu, na ni cha zamani sana. Kamusi ya Kiswahili sanifu kwa Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939 tayari inacho kitenzi hiki, pamoja na maana za kupungua joto, kupata nafuu na kutulia.

Ushahidi wa Ubantu wake unaweza kuupata bila kufungua kamusi. Tazama vitenzi hivi na hali zake za kutendewa:

toa – tolewa
zaa – zaliwa
nunua – nunuliwa
ondoa – ondolewa

Katika "toa" hakuna sauti /l/, lakini katika "tolewa" imejitokeza. Imetoka wapi? Haikuletwa na mtu. Ilikuwamo tangu zamani. Kiswahili kiliidondosha /l/ hiyo katika maneno mengi ilipokuwa katikati ya irabu, hasa mbele ya irabu /a/, lakini kikaibakiza mbele ya /e/ na /i/. Lugha nyingine za Kibantu bado wanayo. Sisi tunasema "mvua", Wazulu wanasema "imvula". Sisi tunasema "njaa", Wachewa wanasema "njala".

Sasa rudi kwenye "poa". Kwa Kizulu kitenzi hiki ni "phola", kupoa au kupona. Kwa Kibemba ni "pola", kupona. Kwetu /l/ imedondoka, tukabaki na "poa". Lakini iko mahali ilikosalia, tena katika neno unalolitamka kila siku: pole.

Ndiyo, "pole" na "poa" ni ndugu wa tumbo moja. Unapomwambia mgonjwa au mfiwa "pole", kwa asili unamtakia kupoa: maumivu yapungue, moyo utulie. Ndiyo maana wapo wanaoitikia "Nimeshapoa". Mazungumzo hayo mafupi yanaliweka neno na ndugu yake pamoja:

— Pole sana kwa homa.
— Ahsante, nimeshapoa.

Katika familia hiyohiyo wamo "mpole" (mtu asiye na hasira), "upole" na "polepole" (bila haraka). Wote wana wazo moja: kukosa joto, iwe joto la mwili, la hasira au la pupa.

3. Maana ilihamaje kutoka kwenye chai hadi kwenye sifa?

Maana za neno hazirukiruki ovyo. Hutembea hatua kwa hatua. Zifuate hatua za "poa":

*Hatua ya kwanza: kupungua joto.* "Uji umepoa." Hii ndiyo maana ya msingi, inayoweza kushikwa kwa mkono.

*Hatua ya pili: kupata nafuu.* "Kidonda kimepoa." "Homa imepoa." Ugonjwa na jeraha huambatana na joto, hivyo joto likiondoka, mtu hupata nafuu.

*Hatua ya tatu: kutulia.* "Hasira zake zimepoa." "Ghasia zimepoa." Hapa hakuna kipimajoto kinachoweza kutumika. Hasira imefananishwa na moto, na utulivu umefananishwa na ubaridi. Hii ni sitiari.

*Hatua ya nne: kuwa katika hali njema.* "Mambo poa." Mtu asiye na homa, asiye na hasira na asiye na ghasia ni mtu aliye katika hali njema.

*Hatua ya tano: kupendeza au kufaa.* "Nguo poa." "Mwalimu poa." Sasa neno limefika kwenye sifa ya jumla na linaweza kusifu karibu kila kitu. Hii ndiyo maana ya kimsimu.

Kumbuka pia kwamba ubaridi hausifiwi kila mahali. Muuza duka akisema "Biashara imepoa", analia njaa: wateja hawaji. Mshabiki akisema "Mchezo umepoa", anachoka kutazama. Kwa hiyo palipohitajika utulivu, kupoa ni heri. Palipohitajika moto na uchangamfu, kupoa ni hasara.

*Je, maana ya sifa ilitoka Kiingereza?* Ni kweli kwamba Kiingereza kina neno linalomaanisha baridi ambalo pia husifu, na kwamba wanamuziki wa jazi Wamarekani weusi walichangia sana kulieneza. Albamu ya Miles Davis iliyotolewa mwaka 1957, *Birth of the Cool*, ina neno hilo katika jina lake. Kufanana kwa maana kupo. Lakini usiandike kwamba "poa" ni neno la mkopo au limetoholewa. Neno linalotoholewa huja na umbo lake, kisha hurekebishwa lifuate matamshi yetu, kama "freshi". Umbo la "poa" ni letu, mzizi wake ni wetu, na hatua za maana kuanzia joto hadi nafuu na utulivu zilikuwa kwetu kabla ya albamu hiyo. Hata huko Afrika Kusini, vijana husema "phola" wanapomtaka mtu atulie. Wazo la ubaridi kuwa ni utulivu halina mwenyewe mmoja.

4. "Poa" ni aina gani ya neno?

Jibu sahihi ni: inategemea kazi yake katika sentensi. Aina ya neno haiamuliwi na neno likiwa peke yake. Tazama kazi nne za "poa":

(i) *Kitenzi (T).* Maji yamepoa.
Neno limebeba viambishi: ya-me-po-a. Kiambishi *ya-* ni cha upatanisho na nomino "maji", *-me-* ni cha hali timilifu, *-po-* ni mzizi, na *-a* ni kiishio. Kitenzi hiki hunyambulika pia. Ukiongeza *-z-* ya usababishi unapata "poza", yaani kufanya kitu kipoe: poza uji, poza koo, poza hasira.

(ii) *Kivumishi (V).* Amenunua viatu poa.
Neno linatoa sifa ya nomino "viatu".

(iii) *Kielezi (E).* Kwaya imeimba poa.
Neno linaeleza jinsi kitendo cha kuimba kilivyofanyika.

(iv) *Kihisishi (H).* Poa! Tutaonana kesho.
Neno linaonyesha kuridhia, sawa na "haya!" au "vema!".

Ili usibabaike kati ya kitenzi na kivumishi, tumia vipimo viwili:

*Kipimo cha ukanushi.* Kitenzi hukanushwa kwa viambishi vyake: "Chai imepoa" huwa "Chai haijapoa". Kivumishi hukanushwa kwa "si": "Chai ni poa" huwa "Chai si poa". Hapo ndipo siri ya sentensi zetu mbili za mwanzo inapofichuka. Chai inaweza kuwa *haijapoa* na papo hapo ikawa *poa*: ni ya moto, na ni tamu.

*Kipimo cha upatanisho.* Vivumishi vingi vya asili ya Kibantu hubadilika kufuata ngeli ya nomino: mtoto mzuri, kiti kizuri, viti vizuri. "Poa" haibadiliki: mtoto poa, kiti poa, viti poa. Hatusemi *mpoa*, *kipoa* wala *vipoa*.

Kipimo hiki cha pili kinaonyesha jambo la kuvutia. Vivumishi visivyobadilika katika Kiswahili vingi ni vya mkopo, kama *safi*, *ghali*, *rahisi* na *dhaifu*, ambavyo asili yake ni Kiarabu. "Poa" ni Mbantu halisi, lakini kama kivumishi inatembea na kundi la wageni hao. Sababu ni kwamba haikuzaliwa kivumishi. Ilizaliwa kitenzi, na ilipohamia kazi ya kusifu ilikuja na umbo moja lililoganda.

Linganisha na msimu mwingine wa kusifu, "-kali". Vijana husema "wimbo mkali", "viatu vikali", "gari kali". Hapa upatanisho upo. Kwa nini? Kwa sababu "-kali" ilikuwa kivumishi tangu mwanzo (kisu kikali, jua kali). Ilipogeuka msimu ilibadili maana tu, haikubadili aina. Unaona sasa kwamba mtaani hakuna fujo ya lugha. Kijana anayesema "viatu vikali" na "viatu poa" kwa pumzi moja anafuata kanuni mbili tofauti bila kukosea hata moja, ingawa hakufundishwa na mtu.

5. "Poa" na wenzake: misimu huundwaje?

Mtu akiulizwa "Mambo?", anaweza kujibu kwa maneno mengi. Kila jibu linaonyesha njia tofauti ya kuunda misimu. Jifunze mifano hii:

*Poa.* Kubadili matumizi ya kitenzi na kupanua maana yake, kama tulivyoona.

*Shwari.* Kuhamisha maana. Bahari shwari ni bahari isiyo na mawimbi. Lugha ya baharini imepanda nchi kavu, na sasa maisha yasiyo na misukosuko huitwa shwari.

*Safi.* Kupanua maana. Kutoka "isiyo na uchafu" hadi "nzuri".

*Freshi.* Kutohoa. Neno limechukuliwa kutoka Kiingereza na kuongezewa irabu mwishoni ili lifuate matamshi ya Kiswahili.

*Bomba.* Kupa neno la zamani maana mpya. Neno hili liliingia kutoka Kireno likimaanisha mtambo wa kuvutia maji. Mtaani linamaanisha kitu kizuri mno.

Msimu pia huweza kutiwa chumvi. Wapo wanaojibu "Poa kichizi kama ndizi". Sehemu ya kwanza inatoa hali, "kichizi" inazidisha, na "kama ndizi" imeongezwa kwa ajili ya vina tu. Hapo umeona tashibiha, chumvi na mchezo wa sauti katika jibu la salamu. Vilevile vijana husema "Amependeza sio poa", wakimaanisha amependeza kupita kiasi. Ukanushi umegeuzwa kuwa sifa. Katika sentensi hiyo "sio poa" ni fungu linalofanya kazi ya kielezi.

6. Misimu huishia wapi?

Kila msimu una njia tatu mbele yake.

*Kutoweka.* Tukio likipita, neno nalo hufifia.

*Kubaki msimu.* Neno huendelea kutumika vizazi na vizazi bila kuingia katika usanifu. "Poa" iko katika njia hii.

*Kusanifiwa.* Jamii huona neno linahitajika na hulipokea. Mfano mzuri ni "daladala". Lilianza kama jina la mtaani la mabasi ya abiria yaliyotoza nauli ya shilingi 5, sarafu iliyoitwa "dala". Leo ni neno la kawaida linaloandikwa hata katika taarifa rasmi, na wengi wanaolitumia hawajawahi kuiona sarafu hiyo.

Hapa unapata umuhimu mkubwa wa misimu wa kutaja katika mtihani: misimu ni chemchemi ya msamiati, na huhifadhi historia ya jamii.

7. Useme wapi, usiandike wapi?

Matumizi ya lugha hutegemea mambo manne: uhusiano wa wahusika, mada, mahali na lengo. Pima "poa" kwa vigezo hivyo.

Rafiki akikuambia "Mambo?", jibu "Poa". Hapo "Sijambo, ahsante" ingeweza hata kuonekana kama umenuna. Lakini ukimkuta bibi yako au mwalimu wako, anza na "Shikamoo". Akikuuliza "Hujambo?", jibu ni "Sijambo". Kumjibu "Poa" ni kumweka kwenye rika lako. Kosa hapo ni la adabu, wala si la sarufi. Neno lenyewe halijaharibika. Limekosea mlango tu.

Katika maandishi, soma mfano huu wa barua ya kuomba kazi:

*"Mimi ni kijana poa, nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu yako poa. Nikipata hiyo kazi itakuwa poa sana."*

Msomaji wa barua hii hajui hasa unachosema. "Kijana poa" ni mwaminifu, mtulivu, au mcheshi? "Matokeo poa" ni daraja gani? Tazama inavyokuwa ikisanifiwa:

*"Mimi ni kijana mwaminifu na mwenye bidii. Nimehitimu kidato cha nne na kupata matokeo ya kuridhisha. Nitashukuru sana endapo ombi langu litakubaliwa."*

"Poa" moja imegeuka kuwa mwaminifu, mwenye bidii, kuridhisha na kushukuru. Hii ndiyo sababu ya msingi ya kuuepuka msimu katika uandishi rasmi. Unafaa kwa watu wanaojuana, ambao tayari wanaelewa unachokusudia. Mgeni anayekusoma anahitaji neno linalosema jambo moja waziwazi.

Msimu unaruhusiwa ukitunga mazungumzo ya wahusika katika insha ya kubuni, tamthilia au hadithi. Kondakta wa daladala anayezungumza kama hakimu mahakamani hataaminika. Msimu ukae kinywani mwa mhusika, na sauti ya msimulizi ibaki sanifu.

*Tahadhari:* Nchini Tanzania fungu "dada poa" limeganda na kupata maana yake pekee. Hutumika kama tafsida ya kumtaja mwanamke anayefanya biashara ya ngono. Ukitaka kumsifu dada yako, usiliandike wala usilitamke. Sema "dada yangu ni mkarimu" au sifa nyingine unayoikusudia. Mfano huu unafundisha kwamba maana ya fungu la maneno si lazima iwe jumla ya maana za maneno yake.

8. Maswali ya kujipima na majibu ya mfano

*Swali la 1.* Bainisha aina ya neno "poa" katika kila sentensi, na utoe sababu.
(a) Hasira za baba zimepoa.
(b) Tumepata chumba poa.
(c) Mafundi wamepaka rangi poa mpaka mteja akaongeza fedha.

*Jibu.* (a) Ni kitenzi, kwa sababu kimebeba viambishi vya upatanisho na hali (zi-me-po-a) na kinaeleza kilichotokea kwa hasira. (b) Ni kivumishi, kwa sababu kinatoa sifa ya nomino "chumba". (c) Sentensi hii ina utata. Ikiwa rangi yenyewe ndiyo nzuri, "poa" ni kivumishi cha nomino "rangi". Ikiwa kazi ya kupaka ndiyo iliyofanyika vizuri, "poa" ni kielezi cha kitenzi "wamepaka". Utata umetokea kwa sababu "poa" haichukui kiambishi cha ngeli. Ungetumia maneno sanifu, utata ungekwisha: "rangi nzuri" au "wamepaka rangi vizuri".

*Swali la 2.* "Misimu haina kanuni yoyote." Jadili kauli hii kwa hoja tatu.

*Jibu kwa muhtasari.* Kauli si sahihi. Kwanza, misimu hufuata sarufi ya lugha: tunasema "viatu vikali" kwa upatanisho, na "viatu poa" bila upatanisho, wala hatubadilishani kanuni hizo. Pili, misimu huundwa kwa njia zinazojulikana, kama kutohoa (freshi), kuhamisha maana (shwari) na kupanua maana (safi). Tatu, misimu ina kanuni za kijamii: kijana humjibu rafiki "Poa", lakini mzee humwamkia "Shikamoo". Hata hivyo, ni kweli kwamba misimu haijasanifiwa, na maana zake huweza kubadilika haraka.

*Swali la 3.* Eleza uhusiano uliopo kati ya maneno "poa", "pole" na "mpole".

*Jibu.* Maneno haya yana asili moja ya Kibantu. Sauti /l/ imedondoka katika "poa" lakini imebaki katika "pole" na "mpole", kama inavyobaki katika "tolewa" kutokana na "toa". Kimaana yote yanahusu kukosa joto au kutulia: kitu hupoa, mwenye maumivu huambiwa pole, na mtu mtulivu huitwa mpole.

*Swali la 4.* Andika upya kwa Kiswahili sanifu: "Sherehe ilikuwa bomba, msosi ulikuwa poa, na muziki ulikuwa mkali sio poa."

*Jibu la mfano.* "Sherehe ilifana sana, chakula kilikuwa kitamu, na muziki ulisisimua mno."

Muhtasari wa kukumbuka

• "Poa" ni msimu zagao unapotumika kwa maana ya "-zuri". Kama kitenzi cha kupungua joto, ni neno sanifu.
• Asili yake ni Kibantu. Ndugu zake ni pole, mpole, upole na polepole.
• Maana ilihama hivi: kupungua joto, kupata nafuu, kutulia, hali njema, kupendeza.
• Huweza kuwa kitenzi, kivumishi, kielezi au kihisishi. Amua kwa kutazama kazi yake katika sentensi.
• Ikiwa kivumishi, haichukui kiambishi cha ngeli, na hukanushwa kwa "si".
• Iepuke katika barua rasmi, insha za hoja na mbele ya wakubwa. Itumie katika mazungumzo ya rika na vinywani mwa wahusika.

Kabla ya kuendelea na mada inayofuata, chukua msimu mwingine unaotumika mtaani kwenu na uupime kwa maswali matano: Asili yake ni nini? Maana yake ya kwanza ilikuwa ipi? Ni aina gani ya neno? Unachukua upatanisho? Unafaa wapi na haufai wapi? Ukiweza kuyajibu yote kwa mifano yako mwenyewe, mada ya misimu haitakupa shida ndani ya chumba cha mtihani.